Simu ikiibiwa sasa hivi, unakumbuka namba ya nani?

Jaribu kitu kimoja kabla hujaendelea kusoma. Usifungue majina kwenye simu. Taja kwa sauti namba ya mama, ya mume au mke wako, halafu ya yule rafiki unayechati naye kila siku. Tarakimu zote kumi, kwa mpangilio.

Wengi tunafika sifuri, saba… halafu kimya.

Yako mwenyewe unaijua, maana kila siku unamtajia wakala, muuza duka na dereva wa bodaboda. Ya mama pengine unaijua pia, kama hajabadilisha laini tangu ulipokuwa shule. Baada ya hapo ni majina tu: Baby, Bosi, Fundi Friji, Dada Saluni. Namba zenyewe anazijua simu.

Siku za kawaida hili halina shida yoyote. Shida inaanza simu inapochomolewa mfukoni Kariakoo, au inapozima chaji ukiwa stendi ya mkoa usioujua. Mtu akikuonea huruma atakuazima simu yake, ila atasimama hapo hapo anakuangalia. Una kama dakika moja. Unampigia nani?

Kuna hali nyingine ambayo watu hawaifikirii mpaka iwakute. Hapa Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mtu aliyeshikiliwa na polisi nafasi ya kuomba awasiliane na wakili, ndugu au rafiki yake. Haki ipo. Lakini simu yako ukiwa umeikabidhi kaunta na imezima, haki hiyo inategemea tarakimu kumi zilizoko kichwani.

Na kama umeibiwa, kila dakika ina gharama, kwa sababu pesa za mtandaoni ziko kwenye laini ile ile. Ukipata simu ya mtu mwenye laini ya mtandao wako, piga 100, huduma kwa wateja, uombe laini na akaunti ya pesa vifungwe. Watakuuliza namba yako na maswali ya kuthibitisha kwamba ni wewe. Hii ndiyo namba fupi ya kuishika kwanza kabla ya nyingine zote.

Kwani wazee wetu walikuwa na akili zaidi?

Hapana. Walikuwa na mazoezi zaidi. Enzi za simu ya mezani, kila ulipotaka kuongea na mtu ulibonyeza au kuzungusha namba yake yote, moja baada ya nyingine. Ukikosea, unaanza upya. Ukimpigia shangazi mara mbili kwa wiki, kwa mwaka umeshaiandika namba yake kwa kidole zaidi ya mara mia. Na namba zenyewe hazikuwa nyingi: nyumbani, ofisini kwa baba, kwa jirani mwenye simu. Leo unagusa picha ya shangazi tu. Unaweza kumpigia miaka mitano bila macho yako kutua kwenye namba yake hata mara moja.

Wanasaikolojia wana maelezo yao. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika makala maarufu akisema kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu kama saba hivi kwa wakati mmoja, pungufu au zaidi ya hapo kidogo. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaja na hesabu ndogo zaidi: mafungu kama manne. Sasa namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu kumi. Ukiibeba tarakimu moja moja, umeshazidisha mzigo.

Halafu kuna suala la lugha, na hapa ndipo palipo patamu. Utafiti wa mwaka 1975 wa Alan Baddeley na wenzake ulionyesha kwamba tunashika kwa muda mfupi kile tunachoweza kukitamka ndani ya kama sekunde mbili. Neno likiwa refu mdomoni, linachukua nafasi kubwa zaidi. Mwaka 1980 watafiti wawili, Ellis na Hennelly, wakaangalia watu wa Wales wanaoongea lugha mbili. Walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelsh kuliko kwa Kiingereza. Akili ni zile zile, ila namba za Kiwelsh huchukua muda mrefu zaidi kuzitamka.

Haya, rudi kwenye Kiswahili. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa: kila moja ina silabi mbili. Sifuri ina tatu. Namba nzima ya simu inakupa silabi ishirini na kitu, na kwa sekunde mbili hazitoshi hata ukiongea kama mtangazaji wa mpira. Pengine ndiyo maana watu wengi mtaani wanachanganya, "ziro saba", kisha wanaingia "hamsini na nne", au wanataja zote kwa Kiingereza. Usiwacheke. Kila mtu anatafuta njia ya kupunguza mzigo.

Je, simu janja imetuharibu ubongo?

Utasikia sana hiyo habari. Inayotajwa zaidi ni kazi ya Betsy Sparrow na wenzake, iliyotoka kwenye jarida la Science mwaka 2011. Kwenye moja ya majaribio, watu waliandika taarifa kwenye kompyuta. Walioamini kompyuta itazihifadhi walikumbuka kidogo kuliko walioamini zitafutwa. Katika jaribio jingine, washiriki walikumbuka vizuri zaidi taarifa imewekwa folda gani kuliko taarifa yenyewe.

Ila twende taratibu. Mwaka 2018 kundi la watafiti lilirudia jaribio mojawapo kutoka kwenye kazi hiyo na halikupata matokeo yale yale. Kwa hiyo anayekwambia simu "imeua" kumbukumbu za vijana anavuka mipaka. Kinachoonekana ni cha kawaida zaidi: ubongo haujisumbui na kitu unachoamini kimetunzwa mahali pengine. Na kusema kweli si vibaya. Nani anataka kukariri namba 400 za watu, nusu yao mafundi aliowaita mara moja?

Unahitaji tatu. Labda nne.

Chagua mtu anayepokea simu ngeni, maana wapo wanaokuona una namba usiyoijua wakakata. Chagua mwingine aliye karibu na unapoishi, anayeweza kuja usiku. Na mmoja asiyekaa nyumba moja na wewe, kwa sababu umeme ukikatika na chaji zikaisha, zinaisha kwa wote.

Namna ya kuzishika

Anza na kuigawa. Tarakimu tatu au nne za mwanzo kwa kawaida huzihangaikii, kwa sababu unazifahamu tayari: 075, 071, 078 na kadhalika. Hilo ni fungu moja. (Ila usitegemee fungu hilo kujua mtu yuko mtandao gani. Tangu Machi 2017 Tanzania inaruhusu mtu kuhama mtandao na namba yake.)

Zilizobaki zipe maana. Tuseme namba inaishia na 641961. Ukiisoma hivyo ni tarakimu sita zisizo na uhusiano. Ikate: 64, kisha 1961. Mwaka wa Muungano, halafu mwaka wa Uhuru wa Tanganyika. Mafungu mawili tu, na yote ulishayakariri darasani. Si kila namba itakubali hivyo, lakini umri wa mtu, namba ya nyumba au jezi ya mchezaji unayempenda vinaweza kusaidia. Hata uhusiano wa kijinga unafaa. Tena wa kijinga hushika zaidi.

Halafu acha kuitazama. Hapa wengi tunakosea: tunaisoma namba mara ishirini, tunajisikia tunaijua, kesho haipo. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kujaribu kukumbuka walikuwa na kumbukumbu zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma tu. Kwa hiyo itaje bila kuangalia, ukikwama ndiyo uchungulie. Fanya leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Dakika moja moja tu, hata ukiwa kwenye foleni ya mwendokasi.

Zoezi zuri kuliko yote ni kupiga simu yenyewe. Ukitaka kumpigia mama, fungua sehemu ya kubonyeza namba, usiguse majina. Tatizo ni kwamba simu nyingi ukishabonyeza tarakimu chache tu zinakuletea jina. Basi itaje yote kwa mdomo kwanza, ndipo ubonyeze. Jina likitokea, limekusahihishia.

Vidole navyo vinakumbuka, ndiyo maana namba ya siri ya pesa unaibonyeza bila kuifikiria. Lakini kumbukumbu ya vidole ni ya mpangilio wa vitufe. Kwenye simu 1, 2, 3 ziko juu. Kwenye kikokotoo juu kuna 7, 8, 9. Mtu anayejua namba kwa vidole peke yake anaweza kukwama akiulizwa aitaje. Kama ni namba ya dharura, ijue kwa mdomo pia, maana huenda anayebonyeza akawa mtu mwingine.

Kwa mtoto

Mtoto wa chekechea anaweza kushika namba moja ya mzazi. Iimbe. Tumia mdundo wowote anaoupenda, kila siku mkiwa njiani kwenda shule, na msibadilishe namna ya kuikata. Mkishaanza kwa mafungu ya tatu tatu, baki hapo hapo. Hakikisha pia anajua jina lako halisi, kwa sababu kwenye umati wa Sabasaba ukimtangaza "Mama Junior" watakuja akina mama kumi. Akiwa mkubwa kidogo mfundishe 112, namba ya dharura, na 116, ya huduma kwa mtoto. Hizi ni tarakimu tatu tu.

Faida moja ambayo hukuitegemea

Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinafanya kazi kwa sababu hatujui namba za watu wetu. Meseji inakuja, umekuwa unasubiri kumtumia mwenye nyumba kodi, unatuma. Mtu anayejua kwamba namba ya mwenye nyumba inaishia 64 anasita mara moja akiona inaishia 09. Hata tarakimu mbili za mwisho zinatosha kukuamsha. Ukipata meseji kama hiyo, itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, bure.

Kichwa kikikataa kabisa, kuna karatasi. Andika namba tatu kwa kalamu ya wino, weka kwenye pochi, ufunike kwa selotepu zisifutike na jasho. Usiandike "Mama" wala "Mke" mbele yake. Herufi moja unayoijua mwenyewe inatosha, maana anayeiokota pochi akijua ni namba ya mama yako atampigia kwanza yeye kuomba hela ya hospitali. Na usiifiche ndani ya kava la simu. Ndiyo, wapo wanaofanya hivyo.