Sakafu ya Lori la Mifugo Inapooza: Yakupasayo Kujua Kabla ya Kulipia Matengenezo

Mmiliki wa lori la mifugo hukagua matairi kabla ya kila safari, na breki zikianza kulia hulipeleka gari kwa fundi siku hiyohiyo. Sakafu ya bodi haipigi kelele. Hufunikwa na nyasi na samadi, huloa, hukauka juu, huloa tena, na uharibifu wake hujulikana siku kwato inapozama.

Kutoka Shinyanga hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam, ni safari ya takriban kilomita 1,000. Ng'ombe dume wa asili mwenye uzito wa kilo 300 husimama juu ya kwato nne tu, na dereva anapofunga breki ghafla uzito huo hulemea miguu ya mbele. Ubao ukivunjika chini yake, mguu nao huvunjika. Mnyama hawezi tena kusimama na wenzake humkanyaga. Kwa mchuuzi aliyekopa fedha ili anunue ng'ombe kumi, huyo mmoja aweza kuondoka na faida ya safari nzima. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimwachii msafirishaji uhuru wa kumtesa mnyama njiani kwa kisingizio cha ubovu wa gari.

Watu wengi huilaumu mvua. Mvua ina sehemu yake, lakini maji ya kuoshea bodi na mkojo wa wanyama hufanya kazi hiyohiyo hata wakati wa kiangazi. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu huhitaji unyevu unaodumu. Mbao ambayo unyevu wake uko chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu kwa kawaida haiozi. Ndiyo sababu ubao wa katikati, unaopigwa na jua na upepo, hudumu kuliko ule uliobanwa kwenye kona ambako samadi hukaa wiki nzima. Uozo hupenda pia kuanzia kwenye ncha za mbao. Pale ndipo mishipa iliyokuwa ikipandisha maji katika mti imekatwa wazi, hivyo ncha hunyonya maji haraka zaidi kuliko ubavu wa ubao. Matundu ya bolti yana udhaifu huohuo. Mkojo nao, kwa chumvi na amonia yake, hula mihimili ya chuma iliyo chini ya sakafu.

Ukaguzi hauhitaji mtaalamu. Osha bodi, liache likauke juani siku mbili, kisha chukua bisibisi na uikandamize kwenye kila ubao, hasa kwenye ncha, kuzunguka bolti na kwenye kona. Mbao nzima hukataa. Mbao iliyooza hupokea chuma kama mhogo uliochemshwa. Gonga kwa nyundo usikilize mahali mlio unapobadilika na kuwa mzito na wa kufa. Halafu ingia chini ya gari, kwa maana huko ndiko ukweli uliko: tazama madoa meusi kuzunguka bolti na kutu inayobanduka kwa magamba kwenye mihimili. Kwenye paneli za ubavuni sukuma kwa kiganja sehemu ya chini. Plaiwudi inayobonyea au iliyovimba imekwisha kuachana tabaka zake, na rangi haitazirudisha.

Malalamiko yanayotusikitisha zaidi ni yale ambayo mlaji alilipia sakafu mpya akapewa kifuniko. Mmiliki mmoja alitueleza kuwa alikabidhiwa lori likiwa na bati jipya linalong'aa kutoka mlangoni hadi kwenye kibini. Alifurahi. Miezi michache baadaye bati lilibonyea na kuchanika kwenye kiungo, na lilipong'olewa zikaonekana mbao zilezile za zamani, sasa zikiwa laini kabisa. Bati lililowekwa juu ya mbao mbichi halizuii maji kuingia kwenye viungo. Huzuia unyevu kutoka. Lami na rangi nzito zikipakwa juu ya mbao ambayo haijakauka hufanya vivyo hivyo. Bati tupu, tena, huteleza likilowa, na ng'ombe anayeteleza huanguka.

Matengenezo ya kweli huanza kwa kubomoa. Uozo ukatwe hadi mbao nzima ifikiwe, na kidogo zaidi, kwa kuwa kuvu hutangulia mbele ya alama ionekanayo kwa macho. Ncha ya ubao mpya lazima iegemee juu ya mhimili wa chuma. Ikiachwa inaning'inia, ubao utavunjika hata kama ni mpya. Mihimili ikwanguliwe kutu na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla haijafunikwa. Mkongo na mninga ni mbao imara, ila bei yake twaijua. Paina iliyotiwa dawa vizuri yaweza kufaa mradi kila ncha inayokatwa ipakwe dawa upya, na vipande vinavyobaki visipelekwe jikoni kuwa kuni: baadhi ya dawa hizo zina aseniki, na moshi wake ni sumu. Mbao zifungwe kwa bolti, si misumari, zikiachiwa nafasi ya milimita chache ili maji yapite. Kwa paneli za ubavuni, taka plaiwudi yenye gundi ya kuhimili maji. Ukiwa na shaka, chemsha kipande kidogo kwa saa kadhaa. Gundi isiyofaa itaachia mwenyewe ukiangalia.

Makubaliano na gereji yaandikwe: aina ya mbao, unene wake, idadi ya mbao zitakazotolewa, na kama bei inahusisha mihimili. Sharti moja twalipa uzito kuliko mengine yote. Uitwe kuiona bodi ikiwa wazi, mbao mbovu zikiwa zimetolewa na mpya hazijawekwa. Piga picha kwa simu yako. Fundi anayekataa sharti hili amekwisha kukueleza jambo la maana. Mbao zilizotolewa ni mali yako. Ziombe, na udai risiti ya EFD inayotaja kazi iliyofanyika badala ya neno "matengenezo" peke yake.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na kuita kifuniko sakafu mpya ni kupotosha. Ukigundua kasoro, usipakie mifugo tena. Usimpe fundi mwingine kazi hiyo kabla hujapiga picha za kasoro ilivyo, kwani akiisha kuing'oa ushahidi huondoka pamoja na vumbi la msumeno. Iandikie gereji barua, ubaki na nakala, na uipe muda uliotajwa kwa tarehe wa kurekebisha. Muda huo ukipita bila jibu, tuletee nakala ya barua, makubaliano, risiti na picha; na kama bado unacho kipande cha mbao iliyooza, kije nacho.