Stelingi inagonga? Usiifunike na redio!

Wiki hii tuyaweke pembeni kidogo mambo ya mapenzi na viwalo, tuzungumze habari za mkweche. Najua mjini hapa wengi wetu gari la kwanza si la dukani. Ni la kurithi, la kuazima, au la kununua kwa mtu ambaye naye alinunua kwa mtu. Gari la namna hiyo lina mdomo, linaongea! Tatizo ni kwamba sisi vijana hatutaki kulisikiliza.

Mimi mwenyewe ni shahidi. Mjomba wangu ana Corolla 110, ya mwaka 1997. Ni gari gumu, halina makuu. Tangu nimalize kidato cha nne na kuanza kuhangaika na maisha, mjomba ananiachia funguo siku za katikati ya wiki. Sharti lake moja tu: "Likianza ugonjwa, uniambie siku hiyohiyo."

Basi bwana, siku moja natoka Tabata, napita barabara ya vumbi, nikasikia kwa-kwa-kwa-kwa mbele kushoto. Nikishika lami, kimya. Nikikuta rasta, kwa-kwa-kwa! Na siyo sauti tu, hata mikononi kwenye usukani nikawa nasikia kitu kinacheza. Nilifanyaje? Nikaongeza sauti ya redio. Si unajua tena, nikimwambia mjomba funguo zinarudi kabatini, na mimi naanza kubanana kwenye daladala.

Nikavunga hivyo karibu mwezi mzima. Siku nimempa lifti dada mmoja wa mtaani, tukapita kwenye mashimo, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kaka, humu ndani umebeba masufuria?" Nilitamani ardhi ipasuke.

NILIVYOINGIZWA MJINI

Nikampelekea fundi wa kwanza. Hakuinama hata kuchungulia. Alisikiliza maelezo yangu, akatikisa kichwa kama daktari, akasema: "Shokapu hizo, zimekufa." Nikatoa akiba yangu sh. 120,000, tukafunga shokapu mbili za mtumba. Nikatoka pale nimenyoosha mgongo. Rasta ya kwanza tu... kwa-kwa-kwa!

Fundi wa pili yeye alizungusha usukani mara mbili na kutoa hukumu: "Reki imekwisha. Tafuta 350,000 tubadilishe nzima." Miguu ikaishiwa nguvu. Na wakati huo mjomba ameshatangaza kwamba Jumamosi tunakwenda Morogoro kwenye harusi ya binamu yangu, watu watano ndani ya gari, pamoja na bibi.

Alhamisi usiku sikulala. Ijumaa alfajiri nikaona liwalo na liwe. Nikampelekea mzee mmoja anayetengenezea magari chini ya mwembe jirani na kwetu. Hana bango wala ovaroli ya kung'aa. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Akaniuliza maswali matatu tu ambayo hakuna fundi aliyekuwa ameniuliza: "Inagonga ukiwa wapi? Ukigusa breki inanyamaza? Unaisikia sikioni tu au na mikononi?"

MASWALI MATATU YA MZEE

Msomaji, haya maswali yaandike mahali, yana thamani kuliko shokapu zangu mbili.

Kama sauti inasikika ukipita kwenye makorongo lakini usukani umetulia mikononi, anza kutazama linki na buchi za stabilaiza. Hivyo ni vitu vidogo na ndivyo vinavyochoka mapema kwenye barabara zetu.

Kama ukigusa breki kidogo tu sauti inakata, tazama breki zenyewe. Pengine pedi zinacheza au bolti ya kalipa imelegea.

Kama inalia ta-ta-ta ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta, hiyo mara nyingi ni joint ya shafti inayozungusha gurudumu. Na kama inapiga 'dup!' ukizungusha usukani gari likiwa limesimama, chunguza maunti ya juu ya shokapu.

Lakini kama mtikisiko unakufuata mpaka mikononi, ujue shida iko kwenye njia ya usukani wenyewe: tairodi endi, reki endi ya ndani, buchi zinazoshika reki, au ile joint ndogo ya mhimili wa usukani karibu na miguu yako. Langu lilikuwa hilo la mwisho.

MCHEZO WA VIDOLE

Mzee hakushika spana. Aliniambia nikae ndani, gari likiwa chini kwa matairi yake manne, handbreki juu. "Chezesha usukani kushoto kulia, kidogokidogo, kama unabembeleza mtoto." Yeye akajilaza pembeni ya gurudumu, akawa anaweka vidole kwenye kila kiungo, kimoja kimoja. Kiungo kizima hukisikii kitu. Kilichochoka kinagonga kwenye ncha za vidole hata kama jicho halioni.

Kulia, kimya. Kushoto, akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Shuka uje uone mwenyewe."

Kabla sijaonyeshwa, akainua gari kwa jeki, akaweka stendi chini, na mawe nyuma ya matairi ya nyuma. Akanikazia macho: "Usije ukaingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki haina undugu na mtu." Akaniambia nishike tairi pande mbili, kama saa inayoonyesha tatu na tisa, nisukume na kuvuta. Likacheza! Nikashika juu na chini, kumi na mbili na sita, likatulia. Akanieleza: likicheza kwa ubavu, mashaka yako kwenye tairodi au reki endi. Likicheza juu na chini, ni boli joint ya chini au beringi. Hapo mtu akukanyagie breki: uchezaji ukipotea, ujue ni beringi.

Halafu akanionyesha. Mpira wa tairodi endi ya kushoto ulikuwa umechanika, ndani badala ya grisi kuna mchanga. Nati imelegea. Na pale ambapo panatakiwa kuwa na spliti pini, mtu fulani, siku fulani, alipitisha kipande cha waya wa kufungia uzio! Waya wenyewe umeliwa, umebaki uzi.

Mzee hakupiga kelele. Alisema tu: "Kijana, hii ikichomoka, gurudumu la kushoto halikusikii tena. Litakwenda linakotaka lenyewe." Nikamfikiria bibi kwenye kiti cha nyuma, njiani kati ya Chalinze na Morogoro, malori yanakuja mbele. Jasho likanitoka saa mbili asubuhi.

Na kwa nini kushoto? Akanijibu kwamba sisi tunaendesha upande wa kushoto, na mashimo mengi yako pembeni ya lami. Gurudumu la kushoto ndilo linalokula kipigo.

KAZI YENYEWE

Spea niliifuata Gerezani, mpya siyo mtumba, sh. 25,000. Kazi haikumaliza saa moja. Kabla ya kufungua, mzee alilegeza nati ya kufungia, akaweka alama ya rangi, na alipokuwa anaichomoa ile ya zamani akahesabu mizunguko. Mpya ikaingia kwa mizunguko ileile, ili magurudumu yasiende mbali na mstari wake. Ilipogoma kutoka kwenye mkono wake hakuigonga kwenye nyuzi, aligonga ubavu wa mkono mpaka ikaachia.

Kwenye kukaza, sikiliza vizuri: kama tundu la pini halijalingana na nati, unakaza mbele mpaka lilingane. Hurudishi nyuma hata kidogo! Na pini iwe mpya. Siyo msumari, siyo waya, siyo ile ya zamani iliyonyooshwa.

Nikamuuliza habari ya reki. Akaichunguza, akacheka: "Reki yako nzima. Na akija mtu akakwambia anakaza nati ya reki ili kelele ziishe, mkatalie. Ikikazwa kupita kiasi usukani unakuwa mzito, ukikata kona haurudi wenyewe."

Ufundi nililipa sh. 10,000, halafu nikaenda kupima alaimenti, 20,000. Jumla sh. 55,000. Sasa linganisha na zile 350,000, na zile 120,000 zilizokwisha kwenda na maji.

KWA MJOMBA

Kazi ngumu ilikuwa jioni. Nilimkuta barazani, nikampa shikamoo, nikamwekea ule waya mezani. Nikamweleza yote, tangu siku ya kwanza, mpaka redio. Aliugeuzageuza ule waya muda mrefu bila kusema neno. Halafu akasema: "Kumbe ulikuwa unaona bora ubebe watu kwenye hatari kuliko ukose gari?" Sikuwa na jibu. Akaninyang'anya funguo. Lo!

Jumamosi alfajiri akazirudisha. "Endesha wewe. Mimi nitasikiliza." Tukaondoka, bibi nyuma kajifunga mkanda na kanga yake mpya. Tulipozikaribia rasta za kwanza nikanyoosha mkono kwenye redio kwa mazoea. Mjomba akaiwahi, akaizima kabisa. Gari zima likawa kimya. Tukazipanda rasta... tukamaliza. Hakuna kitu! Ni bibi tu aliyeuliza mbona mnaogopa, kuna nini?

Haya msomaji, leo ukipanda mkweche wako, zima redio dakika tano tu. Lisikilize linasema nini. Tukutane wiki ijayo!