Kwa Nini Wang'oe Swichi Iliyo Nzima?

Likizo iliyopita mji wetu, huku mashariki mwa Uganda, ulikosa umeme Jumapili nzima. Mashine ya kusaga ilisimama, na mama yangu mdogo, mwenye duka la soda, akanung'unika: "Mwanangu, wanang'oa swichi iliyo nzima. Kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nilipanda baiskeli hadi kituo cha umeme, na fundi mmoja mzee akanifahamisha, yeye ndani ya ua wa waya, mimi nje.

Ndugu wasomaji, swichi hiyo si kama ya bwenini. Ukizima taa ya volti 240, cheche huwa ndogo. Katika njia ya volti 132,000, kama zile zitokazo Jinja kwenye bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, cheche huwa ulimi wa moto usiotaka kufa. Swichi za kale huuzima ndani ya tangi la mafuta. Mafuta yaliyo karibu hugeuka gesi, nyingi ikiwa haidrojeni, nayo huupoza moto hata ukakatika, yote hayo kama kupepesa jicho.

Lakini kila mara hubaki masizi katika mafuta. Miaka ikipita, unyevu hupenya, springi huchoka, na vipuri havipatikani tena.

"Kijana," akasema fundi, "swichi hii hukaa miezi mingi bila kuitwa. Umeme unapita, kila mtu asema ni nzima. Siku radi itakapopiga waya ndipo utajua kama yu hai au maiti."

Uingereza yalitokea yaliyo karibu na hayo. Usiku wa tarehe 20 Machi 2025 transfoma ya kituo cha North Hyde, London, ilishika moto, na kesho yake uwanja wa ndege wa Heathrow ukafungwa. Wachunguzi waliona kwamba yaelekea unyevu uliingia katika shingo ambamo waya wa umeme mkali hupita. Dalili ya unyevu ilikwisha kuonekana katika mafuta tangu mwaka 2018.

Swichi mpya haina mafuta. Ina gesi iitwayo salfa heksafloridi, ambayo Wafaransa Moissan na Lebeau waliitengeneza mwaka 1900. Ni nzito kama mara tano ya hewa, wala haiwaki. Ila ina aibu kubwa: kilo moja ikivuja, kwa miaka 100 hupasha dunia joto kuliko kilo 20,000 za kaboni dioksidi. Kwa hiyo hunyonywa chupani, haiachiliwi.

Kabla ya kugusa kitu, mafundi walikata umeme pande zote mbili, wakapima waya kwa fimbo ndefu, wakauunga na ardhi, kisha kila mtu akatia kufuli yake. Ufunguo alikaa nao mfukoni, hata wakati wa chai.

Saa mbili usiku taa zikawaka. Nilimweleza mama mdogo habari ya masizi. Akasikiliza, akafungua soda mbili, moja akanidai pesa.