Kuinua Pikapu kwa Nyuma: Shakeli, Bloki au Springi Mpya?

Kuinua gari kwa nyuma ni kuongeza umbali uliopo kati ya ekseli na chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi, ili bampa na tangi la mafuta visikwaruze ardhi gari linapopanda kutoka korongoni, na ili gari lililopakiwa mzigo lisitembee limechuchumaa. Kwa pikapu kama Toyota Hilux, ambayo haikosekani katika barabara za vumbi za Tanzania na Kenya, kiasi kinachofaa kwa matumizi ya kawaida ni sentimita 3 hadi 5. Zaidi ya hapo kazi hubadilika sura, kwa kuwa propela (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli), mipira ya breki na uthabiti wa gari kwenye kona hudai marekebisho ambayo gharama yake huizidi faida.

Wenye magari wengi huanza na matarajio yasiyo sahihi, wakidhani kwamba kuinua springi huinua kila kilicho chini ya gari. Difu, yaani nyumba ya gia iliyo katikati ya ekseli, haipandi hata milimita moja, kwa sababu imefungwa ndani ya ekseli, nayo ekseli huketi juu ya magurudumu na si juu ya springi. Kinachoinua difu ni tairi kubwa zaidi, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo chake: anayetoka tairi ya 265/65R17 na kuvaa ya 265/70R17 huongeza kipenyo kwa takriban milimita 26, na difu hupanda kwa milimita 13. Kwa hiyo anayekwama kwa sababu difu inalima tuta la katikati ya njia atatafuta dawa kwenye tairi, na anayekwaruza bampa ya nyuma ndiye mwenye haja ya kuinua springi.

Jambo la pili la kutangulia ni kupima. Gari likiwa tupu, mahali palipo sawa, fundi hupima kwa futi ya kukunja kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, upande wa kulia na wa kushoto, kisha hulinganisha vipimo hivyo na vya gari la aina ileile lenye springi nzima. Mara nyingi pikapu iliyofanya kazi miaka mingi hugundulika kuwa imeshuka sentimita kadhaa, pengine upande mmoja zaidi ya mwingine, na hapo haja si kuinua bali ni kurejesha. Fundi makini hutazama pia kando ya majani ya springi, yaani bapa za chuma zilizopangwa kwa tabaka, hasa karibu na senta boliti, yaani boliti inayoyaunganisha majani katikati, kwa kuwa ndipo penye mkazo mkubwa na ndipo ufa hupenda kuanzia, ukijionyesha kama mstari mwembamba wa kutu unaokata jani kwa upana. Kumwinulia mtu gari lenye jani lililovunjika ni kumfichia ugonjwa.

Njia rahisi kuliko zote ni ya shakeli ndefu. Springi hushikwa na chasisi kwa ncha zake mbili: ya mbele hufungwa kwa pini isiyosogea, na ya nyuma huning'inizwa kwenye shakeli, ambayo ni jozi ya vyuma vinavyobembea ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapolala kwa uzito. Shakeli iliyorefushwa kwa sentimita 5 huinua gari kwa karibu nusu ya kiasi hicho tu, kwa sababu ekseli imefungwa karibu na katikati ya springi ilhali ncha ya mbele imebaki palepale. Zaidi ya hayo, springi nzima huinamia nyuma na kuizungusha ekseli, hivyo pua ya difu, pale propela inapoingilia, hutazama juu zaidi ya ilivyokusudiwa, na gari huanza kutetemeka likishika mwendo. Bushi, yaani mipira ya kwenye viungo vya springi, zikiwa zimechakaa, shakeli ndefu huliachia gari liyumbe kando. Kwa marekebisho ya sentimita 1 hivi njia hii inavumilika, lakini kama njia ya kuinua gari haistahili sifa inayopewa kwa urahisi wake.

Bloki ni kipande cha chuma kinachowekwa kati ya springi na ekseli, kikashikwa na boliti ndefu zenye umbo la U. Kwa kuwa springi za nyuma za Hilux hukaa juu ya ekseli, bloki ya sentimita 4 huinua gari kwa sentimita 4 kamili bila kubadilisha ulaini wa springi, na gari tupu huendelea kutembea kwa upole uleule. Magari ambayo springi zake hukaa chini ya ekseli, kama Suzuki Samurai, hayawezi kutumia njia hii, maana bloki ingeyashusha. Wapo wanaoilaani bloki moja kwa moja, nao wanazidisha, kwani hata Ford huzifunga kiwandani kwenye pikapu zake kubwa za F-250. Tatizo halisi limo katika mkono wa nguvu: gurudumu linaposukuma gari mbele, ekseli hujaribu kuzunguka kinyume chake, na springi ndiyo inayoizuia, hivyo kadiri bloki inavyokuwa ndefu ndivyo ekseli inavyopata nguvu ya kuipinda springi hadi ichukue umbo la herufi S, kisha springi hujirudi kwa ghafla na gurudumu likadundadunda. Bloki fupi ya kipande kimoja kwenye gari lisilobeba mizigo mizito ni jambo la kukubalika. Bloki mbili zilizobebana, au bloki ya mbao, au bloki yoyote kwenye ekseli ya mbele yenye usukani, ni hatari isiyo na utetezi.

Njia ya tatu, inayopendwa katika gereji nyingi, ni kuongeza jani. Hapa gari huinuka na papo hapo springi hukakamaa, na ukakamavu huo ndio unaopaswa kueleweka kabla fedha haijatolewa. Ukakamavu wa springi huenda sambamba na idadi ya majani, lakini huongezeka kwa unene wa jani uliopandishwa kipeo cha tatu. Springi yenye majani 4 yanayolingana ikiongezwa la 5 la aina hiyohiyo hukakamaa kwa takriban robo, ilhali jani la milimita 9 pekee lina ukakamavu unaozidi ule wa jani la milimita 8 kwa zaidi ya asilimia 40. Ndiyo sababu jani nene lililookotwa kwenye springi ya gari jingine, hata likionekana kukaribiana na ya asili, huweza kuigeuza pikapu kuwa mkokoteni. Katika barabara iliyokatika mawimbi, mfano wa ile itokayo lango la Naabi kwenda Seronera katika Serengeti, springi kakamavu isiyo na mzigo haiwahi kukifuata kila kijituta, hivyo tairi hupoteza mguso na ardhi na nyuma ya gari huanza kuteleza upande kwenye kona ambayo kwa mzigo ingepitika vizuri. Pikapu inayobeba magunia karibu kila siku inalifaidi jani la nyongeza, hasa likiwa refu na limepindwa kufuata majani mengine. Pikapu inayotembea tupu haina haja nalo.

Wapo pia wanaozifungua springi zilizochoka na kuzipinda upya kwa nyundo au kwa moto. Chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kupashwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu, kwa hiyo kazi isiyofuata utaratibu huo huzaa springi inayorudi kulala baada ya muda mfupi, au inayokatika.

Njia bora, ingawa ndiyo ghali kuliko zote, ni kufunga springi kamili mpya zilizoundwa kwa urefu unaotakiwa, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Swali la kumuuliza muuzaji si sentimita ngapi bali kilo ngapi, kwa kuwa watengenezaji wa kuaminika, kama ARB ya Australia kwa springi zake za Old Man Emu, hupanga bidhaa zao kwa uzito unaobebwa daima: kibanda cha nyuma, hema la paa, tangi la ziada, zana. Mnunuzi anayejisifu kwa uzito asiokuwa nao hununua gari linalorusha abiria.

Njia yoyote ikishachaguliwa, zipo sehemu zinazosahauliwa. Shokapu, inayotuliza kuruka kwa springi, isiwe fupi kiasi cha kuwa ndiyo inayoizuia ekseli isishuke, maana itang'olewa. Mpira wa breki na nyaya za gurudumu zikaguliwe ekseli ikiwa inaning'inia. Hilux nyingi za miaka iliyopita zina pia vali ya breki inayohisi mzigo, iliyofungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na ekseli kwa fimbo: bodi inaposhuka kwa uzito, fimbo huiambia vali ipeleke nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari likiinuliwa bila kuigusa, vali hudhani gari ni tupu wakati wote, breki za nyuma hulegea hata penye tani moja ya mzigo, na za mbele hubeba sehemu kubwa mno ya kazi. Fimbo hiyo hurekebishwa, au kishikio chake huinuliwa kwa kiasi kilekile gari lilichoinuka.

Boliti za U zilizokwisha kufunguliwa zisirudishwe, kwa kuwa zikikazwa hurefuka kidogo na hazishiki tena ipasavyo. Zifungwe mpya, zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi, maana zikilegea mzigo wote huangukia senta boliti, nayo ikikatika ekseli huhama.