Niliuza pikipiki niliyoipamba ili nilipe deni la kodi: hesabu yote hii hapa

Leo sina mzigo wa kutangaza. Kuna mteja aliniuliza inbox mbona pikipiki haionekani tena kwenye picha zangu za mizigo, au nimeibiwa? Sijaibiwa. Nimeiuza, na hela imeenda kulipa kodi. Nimeona niandike yote na namba zake, maana humu ndani wengi tunauza kwa simu, tunasafirisha kwa pikipiki, na kodi tunaiogopa tu bila kuijua.

Mimi nipo Kagerankanda, huku juu Kasulu. Nauza asali, mawese na maharage. Wateja wangu wengi wako Dar na Mwanza, wananipata kwenye status na magrupu ya WhatsApp, mzigo unapanda basi Kasulu mjini. Kwa hiyo pikipiki ndiyo ilikuwa miguu yangu. Asali naifuata kwa wafugaji nyuki, maharage nayachukua mashambani, halafu vyote navishusha mjini. Masika barabara zetu mnazijua wenyewe.

Ilikuwa Boxer ya CC 100, niliinunua kwa mtu kwa 1,400,000. Sasa mimi ni mtu wa kupenda vitu. Nikaanza kuitengeneza nionavyo. Nikafunga injini ya CC 150 iliyotumika, 480,000, na fundi 60,000 ya kuchomelea vishikizo ikae kwenye fremu. Keria ya nondo nzito 70,000. Shokapu za nyuma za pikipiki kubwa 90,000. Sproketi na cheni ya kupandia milima 45,000. Tairi pana na rimu yake 110,000. Rangi nyeusi isiyong'aa 80,000, ilikuwa nyekundu. Taa za LED, honi na redio 95,000. Siti mpya 50,000. Jumlisha mwenyewe: 1,080,000. Nilikuwa nikipita sokoni watoto wananikimbilia. Raha kweli, sitaki kudanganya.

Wakati huo huo deni la kodi linakua kimya kimya.

TIN nilifungua kwa sababu mteja mmoja wa duka Dar alitaka karatasi za kueleweka. Nikakadiriwa kwenye kundi la mauzo ya kati ya milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka, 250,000. Mwaka wa kwanza nililipa. Miwili iliyofuata nikajisahaulisha. Nilijiambia mimi sina fremu ya duka, nauza kwa simu, nani ataniona? Na nilikuwa bado na kile kitambulisho cha mjasiriamali cha Sh 20,000 walichogawa kuanzia mwishoni mwa 2018, nikawa nakihesabu kama kinga. Kile kilikuwa cha wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Mimi nilishapita hapo zamani. Na kodi haiangalii kama una meza, fremu au simu tu. Inaangalia mauzo.

Siku naletewa karatasi, deni lilikuwa 500,000 ya miaka miwili, na riba na adhabu juu yake, jumla 640,000. Mfukoni nilikuwa na mtaji wa mzigo tu. Nikiugusa, biashara imekufa.

Usiku ule ule nikapost: INAUZWA HARAKA, milioni mbili na laki tatu, maongezi yapo.

Hapo ndipo nilipojiumiza. Neno "haraka" ni kama kumwambia mnunuzi "nina shida, nipunje". Asubuhi dalali mmoja kanipigia, milioni moja taslimu, hataki hata kuiona. Wa pili akafika milioni moja na laki moja, akaniambia hizo mbwembwe zote yeye hazimsaidii, akichukua anazing'oa. Nikakasirika. Nimetumia zaidi ya milioni kuipamba, mtu anaita mbwembwe!

Siku ya tatu akaja mzee mmoja wa Makere, anatafuta pikipiki ya kijana wake. Mzee mtulivu, akasalimia vizuri, akaizunguka pikipiki mara mbili, kisha akaomba kadi. Akaisoma pole pole. Akanitazama.

"Kijana, hii kadi ni ya pikipiki gani?"

"Ni ya hii mzee."

"Hapa wameandika nyekundu. Wameandika CC 100. Na jina hili si lako."

Sikuwa na jibu. Kadi ilikuwa bado na jina la mwalimu aliyeniuzia, ambaye alishahamia Kibondo. Rangi si ile. Namba ya injini si ile. Mzee akasema bei haijamshinda, kilichomshinda ni kumpa mwanawe chombo ambacho trafiki akikisimamisha atakiona kama cha wizi. Akaondoka. Na alikuwa na haki kabisa.

Usiku mama watoto akaniuliza swali moja tu: "Hao wa kodi, umewauliza kama wanaweza kukungoja?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nauza pikipiki kwa kumkimbia mtu ambaye sijaongea naye.

Kesho yake nikaenda ofisi ya TRA na ile karatasi, nikaeleza hali yangu. Wengi hatujui hili: sheria inaruhusu kuomba kulipa deni kwa awamu. Unaandika barua, unaeleza kwa nini huwezi kulipa kwa mkupuo, unapendekeza awamu zako. Si lazima wakubali kila unachoomba, na riba haisimami kwa sababu ya barua, lakini mtu aliyekuja mwenyewe hasikilizwi kama mtu anayetafutwa. Niliomba miezi minne, 160,000 kila mwezi. Wakakubali. Ya kwanza niliilipa kwa hela ya madumu mawili ya asali na maharage niliyouza bei ya jumla. Unapewa namba ya malipo, unalipia kwa simu au benki, risiti unatunza. Usimpe mtu hela mkononi, hata awe amevaa tai.

Kitu cha pili nilichojifunza pale kiliniuma. Kama hukubaliani na makadirio, una siku 30 tangu ulipopewa kupeleka pingamizi kwa maandishi. Na pingamizi halifunguki bure, unatakiwa ulipe kwanza ile sehemu usiyoibishia au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, ipi ni kubwa. Mimi siku 30 zilishapita zamani. Ile 500,000 ikabaki 500,000.

Ila sasa nilikuwa na kitu cha thamani kuliko pikipiki: muda. Yule dalali wa milioni na laki moja alipopiga tena nikamwambia sina haraka. Akaongeza elfu hamsini hapo hapo kwenye simu. Sikumpa.

Nikairudisha pikipiki kwa fundi. Injini ya zamani ilikuwa bado pale kwake kwenye kona, imefunikwa gunia. Tukaitia pistoni na ringi mpya, 65,000, ikarudi kwenye fremu yake. Tanki likarudishiwa rangi nyekundu, 40,000. Ufundi wa kufungua na kufunga 50,000. Jumla 155,000. Wenzangu wakanicheka, eti natumia hela kuipunguza uzuri.

Vile vilivyotoka niliviuza kimoja kimoja, na hapa nyinyi wauzaji wa mtandaoni mtanielewa. Mtu anayetafuta injini ya CC 150 hayuko sehemu moja na anayetafuta pikipiki ya kijana wake. Ukiviweka pamoja, kila mmoja anakataa kulipia cha mwenzake. Injini ikaenda 250,000. Nilikuwa na risiti niliyoinunulia, na bila hiyo risiti isingeuzika, maana hakuna mtu mwenye akili anayenunua injini isiyo na historia. Shokapu 50,000. Tairi na rimu 60,000. Redio 25,000. Jumla 385,000.

Keria sikuitoa. Keria ndiyo kitu pekee ambacho kila aliyekuja aliigusa na kutikisa kichwa kwa kukubali, kwa sababu huku kila mtu anabeba gunia. Rangi, redio, ekzosi ya kelele, hivyo ni vya moyo wako wewe, na mnunuzi ana moyo wake. Siku nyingine nikitengeneza chombo cha kazi nitajiuliza kwanza kama ninachofunga kinabeba mzigo.

Kisha karatasi. Nilipanda basi hadi Kibondo kumtafuta mwalimu. Namshukuru Mungu alikuwa mzima na ananikumbuka, tukaandikishana mkataba wa mauzo ambao tungeandikishana tangu siku ya kwanza. Kuhamisha umiliki kuna ada ya uhamisho, ada ya kadi mpya, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei. Sio hela ya kutisha. Kinachotisha ni kutofanya. Faini za barabarani zinafuata namba ya chombo, na kama chombo kimefanya tukio mtu wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina kwenye kadi. Mwalimu wa watu alikuwa amelala Kibondo miaka yote hiyo, jina lake linatembea na mimi milimani. Na ukibadilisha rangi au injini ukataka ibaki hivyo, nenda ikaguliwe na taarifa zibadilishwe kwenye kadi. Mimi nilichagua kurudisha kama ilivyokuwa, ilikuwa rahisi zaidi.

Nikapost upya. Bila "haraka". Picha sita mchana, moja ya keria, moja ya injini ikiwa imefutwa vumbi, moja ya tairi la nyuma lilivyolika, sikulificha. Nikaandika: kadi ina jina langu, injini ni ya kwake, imefanyiwa pistoni na ringi mwezi huu, tairi la nyuma lina miezi michache. Kadi yenyewe usiipost, mtu aione kwa macho mkikutana. Na nikampigia yule mzee wa Makere.

Alikuja na kijana wake na fundi wao. Wakakagua karibu saa nzima. Akataja milioni moja na laki mbili, nikataja milioni moja na laki tatu, tukakutana katikati: 1,250,000. Tulilipana kwa simu, na nilisubiri niangalie salio langu mwenyewe, sikutegemea meseji, kwa sababu meseji za muamala zinatengenezwa na matapeli kila siku. Mzee hakukasirika. Alisema hata yeye angefanya hivyo.

Hesabu ya mwisho: 1,250,000 na 385,000 ni 1,635,000. Toa 155,000 ya fundi, zinabaki 1,480,000, hapo sijahesabu ada za kuhamisha jina. Ningeiuza nzima siku ile ya kwanza ningeshika 1,100,000 kwa bahati. Tofauti 380,000, na kilichoileta ni barua moja ya kuomba awamu na safari moja ya Kibondo. Deni lililobaki, 480,000, nililimaliza siku moja sikungoja awamu. Iliyobaki, milioni moja kasoro, imeingia kwenye mzigo.

Sasa ile niliyosema iliniuma. Kwa jedwali lililoanza Julai 2022, mauzo yakiwa hayazidi milioni 4 kwa mwaka kodi ni sifuri. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu 250,000, mwenye kumbukumbu 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Zaidi ya hapo hadi milioni 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo. Sheria ya Fedha inapitishwa kila mwaka, kwa hiyo uliza ofisini viwango vya mwaka wako kabla hujalipa.

Mauzo yangu ni kama milioni 9. Nikiwa na daftari: 90,000 na asilimia 3 ya milioni 2, yaani 60,000. Jumla 150,000. Bila daftari 250,000. Laki moja kila mwaka nilikuwa nailipa kwa uvivu wa kuandika, wakati oda zote zipo WhatsApp na malipo yote yapo kwenye simu!

Sasa naandika kila jioni. Tarehe, mteja, kiasi, nauli. Kodi ya mwaka huu nimeigawa mara nne, 37,500 kila robo: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ni 12,500 kwa mwezi, naitenga siku ya kwanza nikiuza dumu.

Mzigo kwa sasa unashushwa na kijana wa bodaboda mara mbili kwa wiki. Inachelewa kidogo, wateja wa Mwanza mnivumilie. Nikinunua pikipiki nyingine itakuwa nyekundu na itabaki nyekundu.

Zile taa mbili za LED bado zipo kwa fundi, hazijapata mtu. Elfu kumi na tano zote mbili, njoo inbox.