Waya Kwanza, Boksi Baadaye



Wengi wetu siku hizi tuna intaneti nyumbani, au tunajiandaa kuiingiza. Si anasa. Hati ya mshahara inatumwa kwa simu, akiba ya uzeeni inaangaliwa kwa simu, watoto wanapewa kazi za shule za kutafuta mtandaoni, na mikutano ya matawi ya mbali sasa inaweza kufanyika bila mtu kupanda basi usiku kucha. Lakini malalamiko ni yale yale: mtandao ni wa polepole, picha inakatika, sauti inapotea. Ndipo mwenye duka anapotushauri tununue boksi jipya lenye antena sita. Tunanunua, na hali inabaki kama ilivyokuwa.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuchagua vyombo vya mtandao wa waya nyumbani, ili fedha ya jasho isipotee. Neno letu ni moja: tuanze na waya, boksi lije baadaye.

KWA NINI WAYA

Nyumba zetu nyingi, za mashambani na za mitaa ya viwanda, zimejengwa kwa safu. Paa ni mabati, na mahali pengine hata ukuta wa kutenga chumba ni bati. Mawimbi ya waifai hayapiti kwenye bati, na matofali na saruji huyapunguzia nguvu. Tena katika safu moja kila jirani ana boksi lake, na yote yanatumia hewa ile ile. Ni kama watu ishirini wanaozungumza katika chumba kimoja: kila mmoja hana budi kungoja mwenzake anyamaze.

Waya hauna shida hiyo. Kila chombo kina njia yake. Hatusemi waifai itupwe, maana simu haina tundu la waya. Tunasema vyombo vinavyokaa mahali pamoja, kama kompyuta na televisheni, vipewe waya. Na chumba ambacho waifai haifiki kipelekewe waya, kisha mwisho wa waya huo pawekwe kituo kidogo cha waifai.

MASHINE YA POLEPOLE NDIYO INAYOAMUA

Mfanyakazi wa kiwanda hahitaji kufundishwa jambo hili. Ikiwa mashine ya kujaza inajaza chupa 1000 kwa saa na mashine ya kufunga vifuniko inafunga 100, kiwanda kitatoa chupa 100. Msimamizi akinunua mashine ya kujaza ya pili, bado zitatoka chupa 100.

Mtandao wa nyumbani ni mstari wa namna hiyo. Kuna laini ya kampuni ya intaneti, kuna ruta inayoipokea laini, kuna swichi ya mtandao inayogawa njia kwa vyumba, kuna waya, kuna plagi za mwisho wa waya, na kuna tundu la kompyuta yenyewe. Kasi ya safari nzima ni kasi ya kile kilicho cha polepole kuliko vyote.

Kasi hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Tuwe macho, kwa kuwa megabiti si megabaiti. Biti 8 hufanya baiti 1. Kwa hiyo chombo cha megabiti 1000 hakiwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde. Anayeuza hupenda kutaja ile namba kubwa.

Na tuseme kweli: ukilipia laini ya megabiti 20, hakuna waya wala swichi itakayoifanya iwe 1000. Waya mzuri unahakikisha kwamba zile 20 unazolipia zinafika chumbani zote, na kwamba siku laini itakapoongezwa hutabomoa ukuta.

MKATABA WA PAMOJA WA VYOMBO

Utaratibu unaotumiwa na nyaya hizi unaitwa Ethaneti. Ulianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, kwa kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs na wenzao. Wakati huo kasi haikufika hata megabiti 3. Mwaka 1983 chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kilitoa kanuni ya pamoja ili vyombo vya watengenezaji mbalimbali vielewane. Kasi ya megabiti 100 ilikuja mwaka 1995, na 1000 kwa waya wa kawaida wa shaba mwaka 1999. Mwaka 2006 ilifika 10,000, na mwaka 2016 zikaongezwa ngazi za katikati, 2500 na 5000.

Sisi wa vyama tunajua thamani ya jambo kama hilo. Ni mkataba wa pamoja: kila mtengenezaji anayeandika jina la Ethaneti amefungwa nao. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba swichi, ruta na waya lazima vitoke kwa kampuni moja. Tununue kila kimoja pale kilipo bora kwa bei nafuu.

KUCHAGUA WAYA

Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani, zilizosokotwa mbili mbili. Juu ya ganda huandikwa daraja lake. Cat 5e hupitisha megabiti 1000 mpaka mita 100, na hata 2500 kwa urefu huo. Cat 6 hupitisha 5000 kwa mita 100, na 10,000 mpaka karibu mita 55. Cat 6A hupitisha 10,000 kwa mita zote 100. Kwa nyumba zetu Cat 6 inatosha na kusaza, na Cat 5e nzuri haina aibu. Anayetuuzia Cat 8 kwa ajili ya televisheni anatutania: daraja hilo lilitengenezwa kwa vyumba vya mitambo mikubwa, kwa umbali wa mita 30 tu.

Lakini daraja si jambo la kwanza. La kwanza ni kilichomo ndani. Sokoni kuna waya mwingi wa alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa nje unang'aa sawasawa na shaba. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba ya unene ule ule. Inakatika upesi ikikunjwa, na ikitumiwa kupeleka umeme kwa kamera au kituo cha waifai inaweza kupata moto. Waya wa namna hiyo hautimizi kanuni za daraja lolote, hata kama juu umeandikwa Cat 6. Cat 5e ya shaba tupu ni bora kuliko Cat 6 ya alumini.

Mwenzetu mmoja wa idara ya kufungasha aliweka akiba miezi mitatu akanunua boksi zima la waya kwenye duka moja mjini. Mtandao ulikuwa ukikatika kila siku. Tulipokata kipande na kukwaruza uzi kwa kisu, ndani ulikuwa mweupe. Mwenye duka alikana. Kilichomwokoa ndugu yetu ni risiti, kwani alikuwa amedai iandikwe maneno "shaba tupu". Alirudishiwa fedha yake. Asingekuwa na karatasi ile, jasho la miezi mitatu lingekuwa limekwenda.

Kwa hiyo kabla ya kulipa tufanye haya:

1. Tusome ganda lote la waya. Herufi CCA ni alama ya alumini iliyopakwa shaba. Tusinunue.

2. Tuombe kukata ncha na kukwaruza uzi kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, ondoka.

3. Tunyanyue boksi. Boksi la kawaida lina mita 305. Alumini ni nyepesi, na boksi lake halina uzito wa boksi la shaba.

4. Tudai risiti yenye daraja, urefu na neno "shaba tupu".

Kwa waya unaopita ukutani tuchague ule ambao kila uzi ni mmoja mzima. Ule wenye nyuzinyuzi laini ni wa vipande vifupi vya kutoka ukutani mpaka kwenye kompyuta.

SWICHI NA RUTA

Swichi ya nyumbani ni chombo rahisi. Unachomeka umeme, unachomeka nyaya, kazi imekwisha. Tuangalie maandishi: iliyoandikwa 10/100 inaishia megabiti 100, na iliyoandikwa 10/100/1000 inafika 1000. Tuchukue hii ya pili. Tuhesabu vyombo tulivyo navyo, tuongeze tundu moja la kwenda kwenye ruta, na mawili ya akiba. Nyumba nyingi zitatosheka na matundu matano au manane. Swichi ya 2500 ni ya mtu anayehamisha mafaili makubwa kila siku, kama fundi wa picha za video. Wengine tusiibebe gharama hiyo.

Ruta nyingi za bei ndogo zina matundu ya megabiti 100. Je, tuitupe? Hapana. Ikiwa laini yetu ni chini ya 100, ruta hiyo haituzuii. Nyaya zote za vyumba tuzichomeke kwenye swichi ya 1000, kisha waya mmoja tu utoke kwenye swichi kwenda kwenye ruta. Hapo kompyuta na kompyuta zitapelekeana kwa kasi ya 1000, na intaneti itakuja kwa kasi tunayoilipia. Ruta mpya tutanunua siku laini itakapopita 100.

KUFUNGA NA KUPIMA

Kasi ya megabiti 100 hutumia nyuzi nne tu. Kasi ya 1000 hutumia zote nane. Basi uzi mmoja ukikatika au plagi ikibanwa vibaya, mara nyingi mtandao hauzimiki: unashuka kimyakimya mpaka 100, na mwenye nyumba hajui. Baada ya kufunga, tuangalie kwenye kompyuta kasi ya kiungo cha waya. Ikiandika 100 mahali pa 1000, jambo la kwanza ni kubana plagi upya. Tusikimbilie dukani.

Rangi za nyuzi zipangwe kwa utaratibu mmoja pande zote mbili. Utaratibu unaotumika sana ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Waya wa mtandao usipitishwe katika bomba moja na waya wa umeme. Tuuache mbali kiasi cha futi moja, na pale zinapokutana zikatane kama msalaba. Kazi ya umeme wenyewe apewe fundi mwenye leseni, alipwe haki yake. Na ikiwa nyumba ni ya kampuni, tuombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kutoboa ukuta.

RADI

Hapa hatuzungumzi tena juu ya fedha bali uhai. Watu wa nchi za Maziwa Makuu tunaijua radi. Mwezi wa Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi 18. Tusitandaze waya wa shaba hewani kutoka nyumba moja hadi nyingine. Radi ikipiga karibu, waya huo unaweza kuuleta umeme ndani ya nyumba zote mbili, kwenye kompyuta na kwa mtoto anayeishika.

Kati ya nyumba na nyumba kitumike kioo, yaani waya wa nyuzi za kioo unaopitisha mwanga. Kioo hakipitishi umeme. Tuchague ule usio na chuma ndani, na kila upande tuweke kigeuzi kidogo cha kubadili mwanga kuwa Ethaneti. Mvua ya radi inapokaribia, tuchomoe vyombo mapema, umeme na laini pia.

TUNUNUE PAMOJA

Tufanye hesabu. Nyumba yenye nyaya nne, kila moja mita 15, inahitaji mita 60. Nyumba tano zinahitaji mita 300. Hilo ni karibu boksi moja la mita 305. Familia tano zikinunua boksi moja la shaba tupu, kila moja inapata waya bora, na hakuna anayebaki na mita 245 chini ya kitanda. Kila familia ikienda peke yake kununua vipande, itauziwa chochote kilichopo.

Koleo la kubania plagi na kipimio cha waya havitumiki kila siku. Tawi linaweza kuwa na kimoja kimoja, viandikwe katika daftari, aazimwe mwanachama na kurudishwa. Vijana wetu wajifunze kuvitumia. Wakijua kazi hiyo, wamepata ufundi ambao kiwanda hakikuwapa.

Ndugu, boksi la leo litazeeka baada ya miaka michache na tutalibadili. Waya uliofungwa vizuri utakaa ukutani miaka ishirini, na watoto wetu watautumia. Fedha yetu tuiweke pale itakapodumu, na kisu cha kukwaruza tusikisahau nyumbani.

Umoja ni nguvu.