Kiingereza Chenyewe: Maelezo juu ya Dhana ya Wenyeji wa Lugha, kwa Mifano ya Kibera na Kawangware

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo limezungumzwa sana mabarazani lakini halijachambuliwa vya kutosha na sisi tunaofundisha lugha, nalo ni imani ya kwamba Kiingereza hakisomeki barabara ila katika nchi ambayo watu wake wamezaliwa nacho. Mwandishi ni mwalimu wa Kiswahili, wala hadai utaalamu wa Kiingereza. Hata hivyo alikulia Kawangware, akasomea shahada ya uzamili katika mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza, na aliporudi alikuta watu wa mtaani wakimtegea sikio wasikie amebadilika namna gani. Walivunjika moyo.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni mwalimu kijana wa shule ya msingi huko Kibera aliyefika ofisini kwangu kuomba barua ya kumpendekeza. Ana shahada ya chuo kikuu cha hapa nchini, tena aliisoma yote kwa Kiingereza. Sasa alitaka kwenda Uingereza mwaka mmoja asomee ufundishaji wa Kiingereza. Jamaa zake walikuwa wameanza kuchanga, na mama yake alikuwa tayari kuuza nusu ya shamba la nyumbani. Nilipomwuliza sababu, alijibu kuwa amechoka na Kiingereza cha kuokoteza. Anataka akakisome Kiingereza chenyewe. Neno hilo "chenyewe" ndilo tutakalolipima hapa.

Kwanza tutazame mahali alipotoka. Jina la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Waingereza, walikaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, na lugha yao ni krioli yenye asili ya Kiarabu ambayo Bernd Heine aliieleza katika kitabu chake cha 1982. Basi Makina panasikika Kinubi. Gatwekera na Kisumu Ndogo panasikika Kiluo. Kwingine Kiluhya, Kikamba, Kikisii. Kiswahili huwaunganisha wote, na Sheng huwaunganisha vijana. Mtoto wa Kibera afikapo umri wa kwenda shule aghalabu huwa na lugha tatu kinywani, na bado hakuna hata moja kati yake ambayo atafundishwa kwayo hesabu.

Jambo hili lina historia. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya 1976 ililegeza kamba: madarasa matatu ya kwanza yatumie lugha ya eneo la shule, na mijini lugha hiyo ilieleweka kuwa Kiswahili. Kwa kanuni hiyo shule za Kibera zilipaswa kuanza kwa Kiswahili. Lakini pitia leo vibanda vya shule za kulipia kutoka Laini Saba hadi Kawangware, utawasikia watoto wa miaka minne wakiimba siku za juma kwa Kiingereza. Mzazi anayelipa karo kwa kibarua cha siku hataki mwanawe afundishwe lugha anayoipata bure mlangoni. Mtu hawezi kumlaumu.

Tena kuna Lavington. Msomaji aijuaye Nairobi atakumbuka kuwa mtaa huo wa matajiri unapakana na Kawangware, hata mjakazi huenda kazini kwa miguu. Ndani ya nyumba zile wamo watoto Wakenya, wazazi wao Wakenya, ambao lugha yao ya kwanza, na pengine ya pekee, ni Kiingereza. Hawa si wenyeji wa Kiingereza? Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, katika makala yao ya 1997, waliutofautisha msimbo wa vijana wa mitaa ya kimaskini ya mashariki, yaani Sheng, na ule wa vijana wa mitaa ya kitajiri ya magharibi waliouita Engsh. Watu wa Kawangware wamekaa karibu na wenyeji wa Kiingereza miaka yote, wakiwafulia nguo na kuwalea. Mama aliyelea watoto wa Lavington miaka kumi hujifunza Kiingereza kingi jikoni, wala hakuna mtu anayemwambia kuwa amesoma kwa wenyeji. Yaonekana, basi, kwamba neno mwenyeji halitaji kuzaliwa na lugha peke yake. Latafuta pia pasipoti, na pengine rangi. Braj Kachru, katika mgawanyo wake maarufu wa 1985, aliiweka Uingereza katika duara la ndani, na nchi kama India na Kenya katika duara la nje. Mgawanyo huo ulisaidia sana kuvipa heshima Viingereza vya nje, lakini mtoto wa Lavington haumwoni.

Sasa tuvuke bahari. Mwanafunzi wa Kibera hudhani kuwa akifika Uingereza atakikuta Kiingereza kile cha kanda za mtihani. Atakikuta kwa nadra. Peter Trudgill alikisia kuwa matamshi yale yanayohesabiwa kuwa sanifu hutumiwa na kiasi cha asilimia 3 tu ya Waingereza. Mimi nilikaa kaskazini, na asubuhi ya kwanza nilipouliza habari za basi, dereva alinijibu kwa neno ambalo masikioni mwangu lilikuwa "bus" yenye irabu yetu ya u, kama ilivyoandikwa. Nilicheka peke yangu, kwa kuwa shuleni Kawangware mtoto aliyesoma hivyo alizomewa na darasa zima.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatupa ushahidi mzuri, nao unastahili kuangaliwa kwa utulivu. Tazama maneno basi, klabu, pampu na brashi. Katika tahajia ya Kiingereza yote yana herufi u, nasi tumeyapokea kwa a. Sababu ni kwamba yalitufikia kwa matamshi yaliyofuata desturi ya kusini ya Uingereza, ambako irabu hiyo hukaribia a yetu. Lau walimu na makarani wetu wa kwanza wangalitoka Yorkshire na Lancashire peke yake, yumkini leo tungesema "busi" na "klubu". Tazama pia baa, kaunta, shati na nesi: r ya mwishoni na ya katikati imedondoka, kwa kuwa wale waliotuletea hawakuitamka, ilhali Mskoti na Mmarekani huitamka wazi. Shati na nesi zina jambo lingine la ajabu. Katika matamshi ya kusini maneno hayo mawili yana irabu moja, lakini sisi, kwa kukosa irabu hiyo katika tano zetu, tuliigawa: moja ikawa a, ya pili e. Mkenya asemapo Kiingereza hufanya vivyo hivyo, na kufanya hivyo si uvivu wa ulimi. Ni mfumo wenye kanuni zake. Matamshi sanifu ya Uingereza yana irabu zipatazo 20, ukihesabu na zile za kuungana. Mtu wa irabu tano hana budi kupanga upya nyumba.

Mwaka mmoja haubadilishi mpangilio huo kwa mtu mzima. Ninasema hivi kwa niliyoyaona, nafsini mwangu na kwa wenzangu.

Sisi wa Kiswahili tulipaswa kulijua jambo hili mapema kuliko wengine. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi 1930 mtoto wa Mvita alianza kusahihishwa lugha aliyonyonya. Kuzaliwa na lugha hakukumwokoa na kalamu nyekundu. Hadi leo mwalimu kutoka bara humkosoa mtoto wa Kibokoni, na huenda kwa kanuni za mtihani akawa na haki. Mwenyeji na usanifu ni mambo mawili, na atakayeyachanganya katika Kiingereza atayachanganya katika Kiswahili pia.

Je, kwenda ng'ambo hakuna faida? Ipo, ila si ile inayotajwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds 1964, na 1968, akiwa Nairobi pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, alitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Siwezi kusema Leeds ndiyo iliyomfunza hayo. Kwa upande wangu, nilichokipata ni maktaba iliyofungwa usiku, msimamizi aliyesoma kila ukurasa wangu, na kipimo cha sauti kilichonionyesha kwa macho irabu nilizokuwa nikizibishania kwa maneno. Vyote hivyo vingeweza kununuliwa na kuwekwa Nairobi. Lafudhi haingeweza, nayo ndiyo niliyorudi bila.

Mwalimu wetu alikuwa na shida ya karibu zaidi. Chuo alichokiomba kilidai afanye mtihani wa IELTS. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawatakiwi kuthibitisha Kiingereza chao waombapo viza. Jamaika imo, Trinidad na Tobago imo, Kenya haimo, ingawa kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya 2010 kinakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Mtihani una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Ile ya kusema haizidi dakika 14. Yeye alijitayarisha kwa kuiga lafudhi ya watangazaji, usiku kucha, mpaka wanafunzi wake wakamwuliza kama anaumwa koo. Nilimshauri aache, atumie saa hizo kuandika insha. Matokeo yalipotoka, kusema alipata alama nzuri kwa sauti yake ya Kibera. Kuandika ndiko kulikopungua, kwa nusu alama.

Barua nilimwandikia. Nilieleza kuwa anakijua Kiingereza, na kwamba anachokitafuta ni mbinu za kukifundishia watoto wenye lugha tatu tayari. Kisha nikamtaka aombe ufadhili kwanza na mama yake asiguse shamba. Nusu alama aliipata katika mtihani wa pili. Matokeo hayo huhesabiwa kwa miaka 2 tu, na yake yamebakiza miezi tisa. Jibu la ufadhili halijafika. Shamba limepandwa mahindi.